Mpima Muda wa Mahakimu

Yule bwana aliyeletwa kupima kama mahakimu wetu wanatosha hukaa nyuma kabisa, saa kiganjani, kidole gumba kwenye kitufe. Hakimu akifungua jalada, anabonyeza. Akilifunga, anabonyeza tena. Ukimsalimu, anakujibu kwa nyusi. Bibi mmoja mwenye kesi ya kiwanja hakuchoka kumtania pale kwenye benchi la nje: “Mjukuu wangu, na sisi tunaosubiri, hutupimi?” Yule bwana alikuwa akicheka kimyakimya.

Leo jalada la bibi limefunguliwa, akasimama binti yake. “Mama tumemzika juzi, mheshimiwa. Kiwanja basi tena.” Hakimu akalifunga. Kwa kipimo cha yule bwana, hiyo ni kesi nyepesi, isiyodai hakimu wa kuongezwa. Lakini kidole hakikubonyeza. Sisi wahudumu wa mahakama tulipokuja kufunga madirisha jioni, saa kiganjani mwake ilikuwa bado inakwenda.