Jicho la Kamera Kutoka Makambako

Mwezi uliopita mtoto wa mdogo wangu wa kiume alikuja kunitembelea hapa Njombe. Anapiga picha za harusi huko Iringa, na kamera zake za kisasa zina bei ya shamba, lakini sasa ameingiwa na hamu ya zile kamera kubwa za mbao za zamani. Anasema vijana wenzake wanatafuta lenzi za shaba za enzi za Mjerumani kama watu wanavyotafuta dhahabu. Akaniuliza, "Shangazi, ile lenzi ya babu iko wapi? Niuzie mimi."

Nikamwambia anywe chai, inapoa. Wewe nitakueleza, rafiki yangu, maana huna undugu na yeyote kati yao.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, wakati vilima vya Njombe vilipokuwa vimeanza kufunikwa na miwati, ile miti ambayo magome yake hutumika kulainishia ngozi. Asubuhi ukungu ulikaa mlangoni mpaka jua lilipopata nguvu, na mwezi wa sita tulikuta nyasi zimeganda, zinavunjika chini ya nyayo zetu tupu. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu, tukivirusha mkono hadi mkono ili tupate joto kabla ya kushiba. Nyumba yetu ilinuka moshi wa kuni za miwati kama nyumba zote, lakini yetu ilikuwa na harufu nyingine juu yake, kali, ya kuchoma puani: dawa za kusafishia picha.

Baba alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu na ngozi iliyokunjwakunjwa kama kodiani, na nyuma yake kioo cheupe kama maziwa. Mteja alikaa kwenye kiti mbele ya shuka la bluu. Baba alijifunika kitambaa cheusi, na kwenye kile kioo mtu alionekana amesimama kichwa chini, miguu juu. Waliokuja zaidi walikuwa wanaume wanaokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Walitaka kuwaachia wake zao sura. Walikaa wima, mikono magotini, wakiogopa hata kupumua. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji ya chemchemi ya kuoshea picha, maji baridi yaliyoniuma vidole mpaka nikalia, na bado nilikimbilia kazi hiyo, kwa sababu nilipenda kuona nyuso zikitokea kwenye karatasi ndani ya beseni.

Uso mmoja tu hatukuwa nao. Bibi, mama yake Baba, alikataa katakata kupigwa picha. "Nikitaka kujiona nitaangalia watoto wangu," alisema, akaendelea kumenya njegere.

Siku moja ya kipaimara, upepo uliiangusha kamera kwenye kokoto za uwanja wa kanisa. Sanduku lilipona. Lenzi, ambayo sote tuliiita jicho, ilipasuka katikati. Baba aliviokota vipande vyake kimoja kimoja kwa leso, kama vingeweza kushonwa.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, naye alikuwa mpiga picha, kule Makambako. Yeye na Baba walijifunza kazi pamoja wakiwa vijana, na Baba alimwoa dada yake kwa sababu ya urafiki huo. Mjomba alikuwa na lenzi mbili za Kijerumani zilizofanana, kubwa kama kopo la maziwa, zote za shaba. Moja ilikuwa nzima na nyingine ilikuwa imeharibika vioo. Akatuma ujumbe kupitia dereva wa lori la magome ya miwati: ile nzima atamwachia shemeji yake, kwa ng'ombe mmoja.

Ng'ombe tuliyekuwa naye alikuwa wangu, mtamba mwekundu niliyepewa na Bibi akiwa ndama. Baba alipomwendea Bibi, Bibi alisema, "Mali ni ya mtoto. Muulize mwenyewe."

Baba akachuchumaa mbele yangu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akichuchumaa mbele ya mtoto kuomba kitu. "Ukinipa, mwanangu, wa kwanza kupigwa picha atakuwa nani?"

"Bibi," nikasema.

Baba akageuka kumtazama mama yake. Bibi alicheka mpaka njegere zikamwagika, akasema haya basi, ametegwa, atakubali.

Jirani yetu alitangulia kwa miguu na ng'ombe. Mimi, Baba na Mama tulipanda lori, juu ya magome. Makambako palikuwa njia panda yenye vumbi, maduka ya Wahindi yaliyoezekwa mabati, malori yakingurumia pande zote. Mjomba alitupokea kwa ugali wa moto na nyama ya mbuzi. Alikuwa mtu wa kuchekesha, mwenye suruali iliyopigwa pasi, na alinibeba begani ingawa nilikuwa mkubwa. Akaifunga ile lenzi kwenye kamera yake, akaigeuza ielekee barabarani, nami nikaingizwa chini ya kitambaa. Rafiki yangu, niliona kila kitu: mkanda wa ndala wa mtu aliyepita, unywele mweupe kwenye ndevu za mzee. Baba alipoingia alikaa humo muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa na maji.

Wakati wakubwa wanamkagua ng'ombe, mimi nilibaki naichezea lenzi. Karibu na ukingo wa kioo cha mbele niliona povu dogo, limefungiwa ndani ya kioo chenyewe, kama punje ya ulezi. Nilijaribu kulifuta kwa kidole, halikufutika.

Mjomba akaenda nayo chumba cha nyuma kuifungasha. Mama alimfuata kumsaidia. Ilirudi ndani ya bati la biskuti, imezungushiwa pamba na kitambaa. "Shemeji, usiifungue njiani," alisema. "Vumbi ni adui."

Nyumbani Baba aliifungua kama anayefungua mtoto mchanga. Nikalitafuta lile povu. Nikamwambia halipo. "Labda lilikuwa tone la maji," alijibu, anatabasamu, hanisikii.

Siku ya Jumapili Bibi alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye kiti mbele ya shuka la bluu. Mikono yake ilikuwa magotini kama wale wanaume wa mkonge. Baba alikaa chini ya kitambaa, akavuta sanduku mbele, akalirudisha nyuma, akatoka, akafuta kioo, akaingia tena. Alipoisafisha picha nilikuwa nimeinamia beseni. Gauni lilitokea, kiti kikatokea. Juu yake palikuwa na moshi mweupe tu, mahali ambapo Bibi alipaswa kuwa na uso.

Alirudia mara nyingi. Aliwapiga wateja picha, nao wakaondoka wananung'unika. Hakumlaumu mtu. Usiku na mchana alikuwa anajilaumu mwenyewe: "Mikono yangu imesahau kazi." Alimuuliza Mama kama macho yake yanaonekana mekundu, kama pengine anaanza upofu. Mama alimwambia apumzike. Akampikia uji mzito, akamkanda shingo.

Majira ya mvua Bibi alishikwa na kifua. Hakuinuka tena.

Mjomba alikuja msibani na kamera yake. Baba alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamwambia, mbele yangu, "Shemeji, nipigie wewe. Nataka mama yangu kabla hatujamfunika. Ya kwangu haioni."

Jeneza lilikuwa uani, limefunguliwa. Mjomba akasimamisha kamera. Nikasogea mbele yake, kwa sababu nilitaka niwe karibu na Bibi, na kile kioo kikawa usawa wa macho yangu. Kwenye ukingo, ndani ya kioo, palikuwa na ile punje ya ulezi.

"Baba," nikasema, "lile povu lipo huku."

Mjomba alicheka. Alikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho. Baba aliinama akatazama. Akaligusa kwa ukucha. Halafu akaweka kiganja chake chote juu ya lenzi, akakiacha hapo.

"Ulibadilisha kioo," alisema.

"Shemeji, leo tuna msiba."

"Ulibadilisha kioo, ukanipa kile kibovu."

Mjomba akapunguza sauti. "Ningekupa jicho langu zima, mimi ningekula nini? Wewe una mashamba. Mimi nina kamera tu."

Mama alikuja akamshika Baba mkono. "Baba watoto, mwache. Watu wanatazama."

Nadhani ni ile haraka yake iliyomfichua. Hakuuliza kioo gani wala nani amefanya nini. Baba alimgeukia polepole. "Ulijua?"

Mama aliangalia chini, kwenye matope. "Nilimwona akifungua. Akaniomba nisiseme. Ni mtoto wa mama yangu, ningefanyaje?"

Baba hakuondoa kiganja. Alisema tu, "Funikeni jeneza." Na wakalifunika.

Baada ya matanga wazee wa pande zote mbili waliketi. Mjomba alikirudisha kioo, akakiweka mkekani, ameinamisha kichwa, akasema maneno yote ambayo wazee walimtaka aseme. Baba alikitazama. "Nilitaka nimwone mama yangu," alisema. "Hiki sasa kitanionyesha nani?" Akainuka akaenda kukata majani ya ndama wa jirani. Kioo kilirudi Makambako kilikotoka, na ng'ombe hakuna aliyemtaja.

Kamera ikawekwa darini, panya wakaila ngozi yake. Baba akaajiriwa kiwandani, kule walikosindika magome ya miwati, akawa anarudi jioni na mikono ya kahawia isiyotakata. Hakumpiga Mama, hakumfokea, hakumrudisha kwao. Ila alipopewa chakula alisema "asante" kama mtu aliye hotelini. Niliisikia asante hiyo mpaka nilipoolewa. Mimi niliacha kusukwa na Mama. Nilikwenda kwa mke wa jirani, ambaye alivuta nywele mpaka ngozi ikaniuma, nikirudi napita mbele ya Mama makusudi ili azione.

Ukipita Njombe leo hutaona popote paliposimama lile shuka la bluu. Pana duka la vifaa vya ujenzi. Wanaume wa mkonge wamekufa, na sura zao sijui zimeliwa na mchwa wa nyumba zipi. Mimi uso wa Bibi nautafuta wakati mwingine, napata mikono tu, na njegere.

Mama aliishi sana. Baba, ambaye alipiga picha nusu ya watu wa Njombe, alikuwa hajampiga yeye hata moja. Kila mara wateja walikuwa wengi, akimwambia zamu yake itafika. Uzeeni, macho yakiwa yamepungua, Mama alikaa juani nikimsuka, maana mwishowe nilimsuka mimi. Siku moja akaniuliza kama alipokuwa kijana alikuwa mzuri.

"Sana, Mama," nikamwambia.

Akanigeuzia uso, kama mtu anayesubiri kuonyeshwa picha.