Mwano wa Shule ya Masista

Pale shuleni kosa kubwa lilikuwa kelele. Uvivu ulisamehewa, uchafu ulisafishwa, hata kudokoa karanga za jikoni kuliisha kwa kufagia uwanja. Lakini kelele, weee. Sista Mkuu alikuwa mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akakisema polepole kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Kila asubuhi alituambia kwamba msichana wa shule hapayuki. Humwiti mwenzako kutoka upande wa pili wa uwanja. Unamfuata alipo, ndipo unasema. Sisi watoto wa Kisukuma na Kisumbwa, tuliozoea kuitana kilima hadi kilima tukiwa machungani, tukajifunza kunong'ona. Mimi nilijifunza kwa shida, maana nina mdomo, watoto wangu watakuambia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, serikali ikiwa bado haijazichukua shule za misheni. Yetu ilikuwa shule ndogo ya bweni, ya wasichana watupu, porini huko kati ya Ushirombo na Geita. Wazazi walitupeleka kwa shingo upande. Baba yangu alimwambia Sista mbele yangu, bila kupepesa macho, kwamba likitokea jambo moja tu baya anakuja kunichukua. Wazee wengine walisema hivyo hivyo. Sista alikuwa na hofu hiyo moyoni siku zote, na sasa nikiwa mtu mzima namwelewa.

Jumamosi moja mchana tulikwenda kuokota kuni. Huko porini kulikuwa na mashimo ya zamani, yaliyochimbwa na wazungu waliokuwa wakitafuta dhahabu kabla hatujazaliwa. Hawakuipata, wakaondoka, wakayaacha wazi, nyasi zikaota mpaka ukingoni. Tulionywa tusiende upande ule. Siku hiyo tuliporudi na kutua mizigo yetu nyuma ya jiko, tukaona mdogo wetu mmoja hayupo. Alikuwa mtoto wa darasa la tano, mwembamba, mpole kupita kiasi, aliyekuja shuleni muhula ule ule. Tuliulizana nani alikuwa naye, kila mtu akamtaja mwenzake.

Sista alibadilika rangi. Akatugawa makundi, akatuamuru turudi porini tumtafute, ila kimya kimya. Alirudia mara mbili: bila kupayuka. Alitaka tumpate kabla habari haijafika vijijini. Basi tukaenda, tukapita vichakani tunamwita yule mtoto kwa kunong'ona, utadhani tunamwamsha asishtuke. Leo nikisimulia nacheka, lakini siku ile nilikuwa nalia. Jua lilikuwa linashuka, na pori lile lilikuwa na fisi.

Tuliporudi mikono mitupu, Sista akakubali kwamba lazima watu waitwe. Akaenda mwenyewe kwenye kengele ya kanisa, akaivuta kwa nguvu zake zote. Kwao, nadhani, kengele ikilia hivyo watu huja mbio. Lakini ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, saa ya sala ya Malaika wa Bwana, ambayo kengele huiitia kila siku. Ng'ambo ya korongo tulimwona mzee mmoja katika shamba lake la pamba. Aliposikia kengele akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa, akasali mpaka mwisho, akajipiga ishara ya msalaba. Halafu akavaa kofia yake na kuendelea kupalilia. Vijiji vizima vilifanya hivyo jioni ile: waliobatizwa walisali, na wasiobatizwa wakajua kwamba wenzao wanasali. Sista akazidi kuvuta kamba, nao wakazidi kusali.

Hapo kiranja wetu wa bweni akashindwa kuvumilia. Alikuwa binti wa darasa la saba, mkimya, tegemeo la Sista kwa kila jambo. Alitoka katikati yetu, akapanda juu ya kichuguu kilichokuwa kando ya uwanja, akapiga mwano.

Asiyeujua mwano nimweleze. Kwetu ng'ombe wakiibwa, nyumba ikiungua, au mtu akipotea, unapiga sauti ya juu, unaivuta mpaka pumzi ikuishie, unavuta tena. Anayeisikia anaacha alichoshika, anaipokea kwa kuipiga na yeye, anakimbia kuifuata. Huulizi ni ya nani. Usipokwenda, siku ukipata msiba utazika peke yako. Na ole wake anayeupiga kwa mchezo. Kiranja alijua anaweza kufukuzwa shule kwa sauti ile. Sisi nasi tulijua, lakini mwano ukiusikia huwezi kuuacha ukaanguka chini. Mwenzangu wa kulia akaupokea, nami nikaupokea, shule nzima ikapayuka. Sista aliiacha kamba, akatugeukia.

Ukapokelewa ng'ambo ya korongo. Ukapokelewa mbele zaidi, mpaka ukaenda mbali ambako hatukuweza kuusikia tena. Giza lilikuwa halijaingia sawasawa wakaanza kufika, wanaume kwa pinde na mikuki, wanawake kwa mapanga, mwenye duka Mwislamu na taa yake ya kandili, na yule mzee wa pamba, jembe bado liko begani. Kiranja akawaambia kwa maneno machache. Hawakungoja mengi, wakajipanga mstari mrefu na kuingia porini.

Aliyempata alikuwa mwindaji mmoja mwenye upinde. Alisimulia mwenyewe baadaye, na watu wakamtania kwa hilo mpaka uzeeni. Alikuwa anapapasa nyasi kwa mguu, akasikia chini ya ardhi sauti ndogo ya heshima ikisema, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," kabla hajafikiri anamwitikia nani, kisha nywele zikamsimama. Yule mtoto alikuwa ndani ya shimo, kifundo cha mguu kimevimba, kuni zake zimepangwa vizuri pembeni. Akaulizwa mbona hukuita, wenzako walipita hapa juu. Akajibu kwamba aliwasikia, lakini Sista amekataza kupayuka.

Wakamleta mgongoni. Lakini mambo yalikuwa bado, kwa sababu kwa desturi mwenye mwano lazima asimame mbele ya waliokuja, aseme nini kimetokea. Kiranja akasogea mbele. Sista akamshika bega, akamrudisha nyuma, akasimama yeye.

Hakuficha kitu. Alisema mtoto amepotea mikononi mwake. Alisema alituzuia kuita, na kwamba mtoto amekaa kimya shimoni kwa kumtii yeye. Kisha akasogea mwanamume mmoja, jasho linamtiririka, mkuki mkononi, akamchukua yule mtoto. Alikuwa baba yake. Alikuwa amekimbia kutoka kijiji cha tatu bila kujua anamkimbilia mwanawe mwenyewe. Nikasema moyoni, kwisha habari yetu. Huyu anamchukua, na kesho wa kwangu naye anakuja.

Yule baba akamgeukia Sista. "Hawa watoto ulionao hapa," akasema, "wewe ukipatwa na jambo, utatuitaje? Kwa kengele?"

Sista akasema hajui.

"Basi piga mwano. Tukusikie."

Wazee wakamwambia ajaribu taratibu tu. Sista akapandishwa kichuguuni. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kuku aliyekanyagwa, na watu wakaangalia chini kwa adabu. Ya pili akasahau kwamba anajaribu. Ilimtoka yote, hofu ya mchana kutwa na sijui ya miaka mingapi, ndefu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Kutoka ng'ambo ya korongo, mwano ukapokelewa.

Vijana wakatumwa mbio kuwarudisha hao waliokuwa bado njiani kutoka vijiji vya mbali, lakini haikusaidia, wakafika wakihema na mikuki yao, wakauliza nani amekufa. Sista akawajibu mwenyewe, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, kwamba hakuna aliyekufa. Yule baba akacheka, akamrudisha binti yake mikononi mwa kiranja, akasema akalazwe bwenini, mguu ukandwe. Sista akashuka kichuguuni, akakaa vumbini na kanzu yake nyeupe, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.