Unene wa Potasiamu

Kabla sijaja Doha kulinda geti, nilifundisha kemia sekondari, na chumba chetu cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kilinijua kwa hilo. Wenzangu waliniita Mwalimu, nusu kwa heshima, nusu kwa kunitania. Siku moja tukisubiri wali uive, mlinzi mwenzangu, mtu wa Tanga, akaniuliza nilikuwa nafundisha nini hasa. Nikamweleza jedwali la elementi: ukishuka, atomi zinanenepa, kwa sababu kila safu inaongeza tabaka la elektroni, ukienda kulia zinakonda, kwa sababu kiini kinazidi kuzivuta. Sodiamu ikipoteza elektroni yake ya nje inabaki ayoni ndogo. Potasiamu iko chini yake tu, tabia zao zinakaribiana, ila ayoni yake ni nene zaidi.

"Wewe uliipima kwa rula gani?" akaniuliza. Tulicheka mpaka wali ukashika chini. Nilimpenda sana yule mtu.

Kiangazi kilichofuata figo zake zikaharibika. Alisimama juani miaka, maji anakunywa kwa kuomba ruhusa, na hilo linanitia hasira hadi leo. Daktari akamkataza chumvi. Sasa, sisi tulikuwa wanaume wanne, sufuria moja na sinia moja, kila mtu na wiki yake ya kupika. Yeye akaanza kula peke yake kitandani, wali chapwa, ametupa mgongo. Ilituuma wote.

Nikaenda likizo nyumbani. Huku nyuma zamu ya kupika ikamfikia mwenzetu dereva, Mkenya, mwema kuliko sisi sote. Akashuka bakala, duka la vyakula la mtaani, akarudi na kopo la chumvi ya watu wa presha, lina picha ya moyo mwekundu, limeandikwa kwamba sodiamu yake ni kidogo. Wakakubaliana chumba kizima kitumie hiyo, ili mgonjwa arudi kwenye sinia. Akarudi. Alinitumia ujumbe wa sauti, kinywa kimejaa: "Mwalimu, sasa nakula kama binadamu." Nilifurahi, nikadhani amepona.

Niliporudi nilimkuta anashika ukuta kwenda chooni, miguu haina nguvu. Wiki hiyo kupika kulikuwa kwangu. Nikachukua lile kopo, nikasoma maandishi madogo ya nyuma: kloridi ya potasiamu. Seli za moyo zina vijia vilivyopimwa kwa unene wa potasiamu, na sodiamu, kwa udogo wake, haishikiki humo ikapita. Potasiamu ikizidi kwenye damu, mapigo yanavurugika. Mwenye figo nzima anaikojoa yote asijue. Mwenye figo kama zake inamjaa.

Mimi na mgonjwa tulichukua teksi mchana ule ule, kopo mkononi mwangu. Daktari alilisoma, akaniuliza amekula hii muda gani, kisha akaingia ndani mbio. Kabla ya alasiri moyo wa rafiki yangu ulikuwa umesimama.

Ijumaa tukamsomea hitima chumbani. Dereva ni Mkristo, kwa hiyo alijipa kazi ya jikoni, akapika pilau tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kilichomuua mwenzetu. Mimi ndiye niliyejua, na kila nikimtazama akikatakata vitunguu nilishindwa pa kuanzia.

Akanivuta pembeni. "Mwalimu, si angalau alikula poa hizi siku za mwisho?"

"Alikula vizuri," nikamwambia.

Akafuta macho kwa kiwiko. "Nilinunua kopo ingine. Hii pilau nimeweka ile chumvi yake."

Tukakaa kuzunguka sinia. Wote tulikuwa na figo nzima. Nilikula pamoja nao mpaka tukamaliza, na haikumdhuru hata mmoja wetu.