Damu Iliyomwagwa kwa Mazoea

Siku hazigandi. Mwaka uliupokea mwaka, wapasuaji wakaja na kuondoka, naye mtunza damu akabaki palepale, kwenye chumba chake cha majokofu matatu, kwa miaka ishirini na sita. Wauguzi walimwita Bi Mbano, kwani aliyetaka mfuko wa damu sharti amweleze sababu.

Asubuhi moja ililetwa fomu ya mifuko miwili, kwa mgonjwa aliyepasuliwa moyo siku tatu nyuma: kaka yake wa tumbo moja, mwashi. Penye sababu paliandikwa: "Kawaida." Neno hilo lilimchoma. Alikwishaona watu waliotiwa damu wasiyoihitaji, mapafu yakajaa maji, wakafa ilhali moyo umepona. Akapanda wodini.

Alimkuta kaka yake ameketi kitandani, akiikosoa lipu ya ukuta. Kando yake muuguzi alivuta damu kwa sindano kwenye mrija wa mkononi, akaimwaga. Akavuta nyingine, akajaza vichupa vinne vikubwa.

"Mwanangu, hiyo ya kwanza mbona waimwaga?"

"Imechanganyika na maji ya mrija, Bi. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mara ngapi?"

"Kila baada ya saa nne."

Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukikausha vilevile. Hasira ikampanda hadi utosini. "Mnamnyonya kwa sindano, kisha mwataka kumjaza kwa mfuko!"

Wifi yake, mke wa mgonjwa, aliyekuwa miguuni pa kitanda, akadakia: "Wageni unawagawia, kaka yako ndiye unambania? Kama ni ule ugomvi wa kitanda alichoacha mama, sema."

"Kitanda kichukue, wifi. Damu simpi."

"Huyo alianza kuninyima tangu tukila sahani moja," akasema mgonjwa.

Mpasuaji akaingia. "Bi, ni kwa usalama tu."

"Usalama wa nani? Kipimo chake cha wingi wa damu ni nane na nusu. Kanuni uliyoitia saini mwenyewe yasema tungoje kishuke chini ya saba na nusu, au atokwe na damu, au pumzi imwishe. Lipi limetokea?"

Mpasuaji aliutazama mrija wa kifuani; haukuwa na damu mpya. "Basi, tungoje. Akibadilika nitakuita."

"Ukiniita nitaileta kwa mikono yangu."

Akaenda wodi ya watoto, akarudi na boksi la vichupa vidogo. Mrija wa mkononi ukabadilishwa, ukafungwa ule unaorudisha damu ya kwanza mwilini. Vipimo vikawa mara moja kwa siku. Siku mbili wifi hakumsemesha. Siku ya tatu kipimo kikasoma nane nukta tisa, na hakuna mfuko uliotundikwa.

Wifi alipomshukuru, Bi Mbano hakutabasamu. Wagonjwa wa wodi ile walikuwa tisa, na wanane hawakuwa na dada wa kuwagombea. Akalibeba boksi lake, akaenda kitanda cha pili, uso umekunjamana vilevile.

Mola amjalie umri wenye afya, amponye kaka yake, amtulize wifi yake, na awahifadhi wazao wao na kila kilichomo mishipani mwao. Amin.