Karani Aliyefundishwa na Mwanawe

Mwaka 1954 hapakuwa na mtu Temeke aliyeijua thamani ya elimu kumzidi Ansbert, na kama alikuwapo, Ansbert hakumpa nafasi ya kusema. Alikuwa karani wa serikali, Mhaya wa Bukoba, mtoto wa katekista. Tai aliivaa hata Jumapili mchana, akila ndizi. "Sie kwetu tunazaliwa tunajua kusoma," aliwaambia majirani, nao, kwa adabu zao, waliitikia.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Kasiani, Mmakonde mchonga vinyago, asiyejua hata kuandika jina lake. Binti yake Sesilia alisoma darasa moja na Kokushubila, binti wa karani. Ansbert alimhurumia sana Sesilia. Aliwahi kumpa nusu penseli, akaisimulia penseli hiyo wiki nzima.

Majibu ya mtihani wa darasa la nne yalibandikwa kwenye mlango wa shule. Ansbert alianza kusoma juu, maana ndiko alikomtarajia mwanawe. Jina la kwanza lilikuwa la Sesilia. Akashuka, akashuka, mpaka ikabidi ainame. Kokushubila alikuwa wa arobaini, kati ya watoto arobaini na watatu. Wazazi waliokuwa nyuma walidhani anafunga kamba za viatu, naye kwa aibu akazifunga kweli.

Jioni alikwenda kwa Kasiani, eti kumpongeza. Kumbe alitaka kujua ni nani anayemfundisha mtoto kwa siri.

"Mwalimu gani, bwana karani?" Kasiani alicheka, tezo mkononi. "Mie sijui kitu. Akirudi namwambia, haya, nieleze mmesoma nini. Nisipoelewa anarudia. Na mie mgumu, basi anarudia sana."

Ansbert alirudi kwake taratibu. Kwake mtoto alipiga magoti, akaamkia, akanyamaza. Ndivyo alivyolelewa yeye, na ndivyo alivyolea. Kila jioni alimhutubia saa nzima juu ya elimu, mtoto akiitikia, "Ndiyo, Tata." Miaka minne mizima Ansbert alikuwa akifanya mtihani mwenyewe na kujipa maksi zote.

Kesho yake akamwita. "Koku, nifundishe mlichosoma."

Mtoto akaganda, akidhani ni mtego. Tekla, mama yake, akachungulia kutoka jikoni kuona kama mumewe ana homa.

"Tata, wewe unajua yote."

"Sijui," alisema Ansbert.

Koku akaanza kwa sauti ndogo: viluwiluwi vya mbu hupumulia mkiani.

"Mkiani? Haiwezekani!"

"Nimeviona, Tata. Ngoja." Akakimbilia pipa la maji ya mvua, akarudi na bilauri. Karani wa serikali akalala kifudifudi sakafuni, jicho kwenye bilauri, tai ikiloana. Vilikuwa vinapumulia mkiani. Koku akacheka, na Ansbert akatambua kwamba hakuwa akikijua kicheko cha mwanawe.

Koku alirudia darasa, akapita, wa kumi na moja, akaenda shule ya kati. Kisa hicho Ansbert mwenyewe ndiye aliyekieneza ofisini, hata sehemu ya kamba za viatu. Kwa Kasiani alikwenda mara mbili kuomba radhi. Mara zote mbili hakuona pa kuanzia, wakaishia kuzungumza habari za mpingo.