Sahihi Kumi na Mbili za Mama Pindo

Saa saba mchana, cherehani ya Mama Pindo imenyamaza. Juu ya meza ya kukatia, kati ya sketi za shule ambazo bado hazina mikanda, kuna simu, kikokotoo na fomu ya kodi ya mapato. Ofisi ya kodi inafunga saa kumi. Leo ni siku ya mwisho, kesho faini inaanza.

Pembeni, mnunuzi amevuta kiti mbele ya mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Anaijaribu. Ana laki tano mfukoni na hana haraka hata kidogo.

"Kila akikanyaga ile pedali, naona kama ameshaibeba," ananong'ona Mama Pindo.

Juzi fundi huyu wa sare alijipigia hesabu mwenyewe. Alijumlisha pesa zote zilizoingia kwenye simu yake mwaka mzima: milioni tisa na laki nane. Akatoa milioni mbili na laki sita za vitambaa, uzi na pango. Akatoa tena milioni mbili na laki nne zisizotozwa kodi. Katika zilizobaki, sehemu moja ya kumi ni ya serikali. Jibu likaja laki nne na elfu themanini, naye akiba yake yote ni laki moja na elfu kumi. Ndiyo maana ovaloki inauzwa.

"Nililia. Sikujua nimepata pesa zote hizo, wala zimekwenda wapi."

Bahati yake, wifi yake amepita kumjulia hali. Huyu dada wa mumewe ni karani mstaafu wa ghala, mtu asiyeweza kuona tarakimu akanyamaza. Anavaa miwani, anaichukua simu.

"Wifi, hawa watu kumi wanaokutumia elfu thelathini na tano kila mwezi ni kina nani?"

"Si wenzangu wa upatu. Mimi ndiye mweka hazina."

"Ukishapokea?"

"Namkabidhi mwenye zamu. Taslimu."

"Yaani pesa za watu umeziandika kuwa mapato yako? Kumbe kaka yangu ameoa tajiri na hajui!"

Mama Pindo hacheki. Milioni nne na laki mbili za upatu zinaonekana kwenye simu zikiingia, kutoka hazionekani. Ushahidi pekee ni daftari wanalotia sahihi wanaopokea, na daftari linakaa kwa mwenyekiti, muuza mitumba wa mtaa wa pili. Anapigiwa mara tatu, hapokei; anatumiwa ujumbe alete daftari.

"Mama, tunauziana au nikatafute kwingine?" anauliza mnunuzi.

"Nipe nusu saa, kaka yangu. Nakuomba."

Saa nane na nusu mwenyekiti anaingia anahema, daftari kwapani. Kurasa kumi na mbili, sahihi kumi na mbili, moja kwa kila mwezi. Wifi anabonyeza kikokotoo upya: elfu sitini.

Mama Pindo anajifunika uso kwa kanga. Lakini wifi bado hajavua miwani.

"Na zile sare za kwaya ulizolipwa mkononi?"

"Zile hazikupita kwenye simu."

"Sikukuuliza zilipita wapi."

Ukitoa kitambaa, kazi ile ilimwachia laki tatu.

"Mkono ulikuwa mzito," anakiri baadaye. "Lakini nimemkimbiza mwenzangu juani aje na sahihi za watu, halafu mimi nifiche yangu? Niliona aibu."

Anaiandika. Kodi inafika elfu tisini; akiba inatosha, ovaloki haiuzwi tena. Mnunuzi anasimama, anakung'uta nyuzi kwenye suruali na kuondoka bila kuaga.

Saa kumi kasoro dakika kumi, stakabadhi iko mkononi mwa Mama Pindo. Badala ya kushangilia, anasimama nje ya ofisi akihesabu kwa vidole. Mapato yake halisi ya mwaka ni milioni tatu na laki tatu, sawa na laki mbili na elfu sabini na tano kwa mwezi.

"Simu ilikuwa inanidanganya," anasema kwa uchungu. "Mgongo wote huu, kumbe kinachobaki ndicho hiki."

Kesho atasajili laini ya pili kwa ajili ya upatu. Jumatatu bei ya sketi inapanda elfu mbili, na wazazi wa wanafunzi watamsamehe.

"Mwakani nataka nidaiwe kodi kubwa kuliko hii," anasema. "Ila iwe ya sindano yangu."