Tuba Iliyozoea Kunong'ona

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Miaka yote tuba yangu, tarumbeta kubwa kama mtungi, niliipigia chumbani kwetu Shard End, mtaa wa nyumba zilizoshikana, nimeijaza blanketi ili jirani asigonge ukuta. Mwaka 2005 nikaenda Denmark kujaribiwa na okestra moja. Majaji walikaa nyuma ya pazia wasimwone anayepiga.

"Kwa nguvu zaidi," mmoja akasema.

Nikapuliza mpaka macho yakanitoka. Ikatoka sauti ya mtu anayeomba radhi. Wakanishukuru na kuniaga kabla sijafika katikati ya wimbo.

"Haya kaka, wamekuchukua?" dada yangu aliniuliza niliporudi.

"Hawakunisikia."

"Tuba? Na tumbo lote hilo?"

Akacheka peke yake. Okestra huwa na mpiga tuba mmoja tu, na hatoki mpaka azeeke. Waliyemchukua alikuwa mdogo kwa umri kuliko mimi.